Binti wa Columbus na chuo cha jamii: uchambuzi wa kisa kimoja

Aprili 2023, binti wa miaka 18 alikuwa anamaliza sekondari katika shule ya serikali ya jiji la Columbus, Ohio. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi waliotoka Fizi, na alifika Marekani akiwa na miaka 13. Alitaka uuguzi. Hilo nyumbani halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa asomee wapi.

Njia zilikuwa tatu. Ohio State University ilimkubali, ila haikumpa kampasi kuu ya Columbus aliyoiomba. Ilimpa kampasi ya Newark, zaidi ya kilomita 50 mashariki mwa jiji. Columbus State Community College, chuo cha jamii cha miaka miwili kilichopo Spring Street katikati ya jiji, kilikuwa wazi kwake kama kilivyo wazi kwa yeyote aliyemaliza sekondari. Njia ya tatu ilikuja kwenye grupu la WhatsApp la kanisani: chuo cha binafsi kilichoahidi uuguzi bila kusubiri, masomo jioni, jaza fomu leo leo. Hicho sitakitaja jina. Na mjomba wake alikuwa na njia ya nne, aliyoisema bila kuzunguka: aingie ghalani kama wenzake, alipwe kila wiki mbili, chuo hakikimbii.

Mimi huwasaidia watu wa jumuiya yetu kujaza makaratasi, na mama yake aliniita kwa kazi hiyo tu. Mengine yalijitokeza tukiwa mezani. Baadhi ya mambo ya familia nimeyabadilisha ili wasitambulike. Kanuni na viwango viko kama vilivyo.

Mama alikuwa upande wa Newark, na sababu yake ilikuwa jina. Ohio State watu wanaijua, hata walioko Nyarugusu wanaiona kwenye fulana. Chuo cha miaka miwili aliona ni aibu. "Miaka yote ile kambini sikuvumilia ili mtoto wangu aende chuo cha walioshindwa," alisema, na binti akainamia simu yake.

Tusimlaumu haraka. Kwetu mambo ndivyo yalivyopangwa. Tanzania, asiyepata alama za kidato cha tano huelekezwa chuo cha kati. Kenya, aliye chini ya C+ hapati nafasi ya shahada moja kwa moja. Mtu aliyekulia humo akisikia komyuniti koleji, anachosikia ni kufeli mtihani. Marekani mpango ni mwingine tangu mwanzo. Chuo cha Joliet, Illinois, kilichoanza 1901, kilianzishwa ili vijana wasome miaka miwili ya kwanza ya yunivasiti karibu na nyumbani. Ufundi na kazi za afya vilikuja kujaa baadaye, na ripoti ya tume ya Rais Truman ya 1947 ilisukuma vyuo hivi vienee nchi nzima. Leo ni zaidi ya elfu moja. Wanaoingia humo wengi wanataka shahada, na milango kuwa wazi hakusemi lolote kuhusu akili ya anayeingia.

Maelezo hayo mama aliyasikiliza kwa heshima na hayakumgusa. Kilichomgusa ni A1 na A0. Kongo wauguzi wanajulikana kwa daraja: A2 ametoka sekondari ya uuguzi, A1 amesoma chuo cha ufundi wa tiba baada ya sekondari, A0 ana lisansi. Nilipomwambia kwamba anayemaliza stashahada ya uuguzi chuo cha jamii anafanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaofanya mwenye shahada, na wote wawili wanaitwa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, aliuliza swali la mtu anayejua hospitali: "Kwa hiyo A1 na A0 wanavaa beji moja?" Ndiyo, beji moja. Tofauti inakuja mbele: hospitali nyingi kubwa zinapendelea mwenye shahada, tangu taasisi ya tiba ya Marekani ilipopendekeza 2010 kwamba asilimia 80 ya wauguzi wawe nayo ifikapo 2020. Lakini RN anaweza kuikamilisha shahada akiwa kazini, mara nyingi kwa njia ya mtandao, na waajiri wengine humlipia sehemu ya ada. Baada ya hapo neno aibu halikurudi tena mezani.

Ikaja zamu ya pesa. Hapa familia nyingi huamua kwa hesabu isiyo sahihi.

Hesabu ya kawaida ni ya bei ya kwenye kibao. Kwa wastani wa nchi nzima mwaka wa masomo 2023-24, ada ya chuo cha jamii ilikuwa dola 3,990, na ya yunivasiti ya umma kwa mkazi wa jimbo dola 11,260. Mtu akiziona namba hizo anasema basi, cha jamii ni theluthi, twende huko. Mjomba alisema hivyohivyo, kwa nia ya kuonyesha kwamba hata hiyo theluthi ni nyingi.

Familia hii haikuwa inanunua kwa bei ya kibao. Mama analea watoto watano peke yake kwa mshahara wa kufua nguo katika nyumba ya wazee. Wana grini kadi, kwa hiyo msaada wa serikali kuu wanaruhusiwa. Kilichotakiwa ni FAFSA, ile fomu ya msaada wa masomo, na fomu yenyewe ilikwama kwenye jambo ambalo jumuiya yetu inalijua vizuri. Kama wakimbizi wengi, mama kwenye makaratasi amezaliwa tarehe 1 Januari. Binti, akijaza kwa niaba yake, aliandika siku halisi, ile wanayoikatia keki. Mfumo ukaikataa, kwa sababu ofisi ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, inaijua Januari tu. Tukarekebisha. Ukakataa tena: safari hii jina la ukoo na jina la kwanza la mama yalikuwa yamepinduliwa kwenye kadi ya Social Security, na sisi tuliandika kwa mpangilio wa grini kadi. Akaunti ya mama ilipokubali, walichaguliwa kwa uhakiki, yaani chuo kikataka nakala ya kodi ya 2021 na orodha ya watu wote wa nyumbani. Hakuna lililokuwa gumu hapo, ila kila hatua ilikula siku kadhaa, na nimeona watoto wakiachia njiani mahali hapohapo, wakidhani wamenyimwa.

Majibu yalitoka: mchango wa familia sifuri, ruzuku kamili ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, dola 7,395 kwa mwaka. Ada ya Columbus State iko chini ya hapo. Jiji la Columbus nalo lina mpango wa Columbus Promise, uliotangazwa 2021 kwa wahitimu wa shule za jiji: unalipa ada inayobaki baada ya ruzuku nyingine, hadi mihula sita, na kuongeza dola 500 kila muhula kwa vitabu na mahitaji. Kwa kuwa Pell ilishamaliza ada, huo mpango unaotangazwa kama "chuo bure" kwake ulikuwa hasa zile dola 500. Si haba, lakini tuite kitu kwa jina lake.

Kilichowashangaza wote ni upande wa pili. Tangu 2018 Ohio State ina Buckeye Opportunity Program: mkazi wa Ohio anayestahili Pell anahakikishiwa msaada wa kutosha ada na malipo ya lazima, na kampasi za mikoani kama Newark zimo. Maana yake ada ya Newark nayo kwa binti huyu ilikuwa sifuri. Sifuri kwa sifuri. Hoja ya "cha jamii ni rahisi", ambayo ndiyo kila mtu huanza nayo, kwa familia hii haikuwapo kabisa.

Kwa hiyo tuliacha ada tukahesabu maisha. Newark inataka gari. Gari linataka bima, na bima ya dereva wa miaka 18 hapa ni adhabu. Linataka petroli ya zaidi ya kilomita mia moja kila siku ya darasa, na barabara wakati wa theluji. Kuishi hukohuko kunataka kodi ya chumba, ambayo msaada wa ada haugusi. Na nyumbani kuna wadogo wanne ambao binti ndiye huwapokea kutoka shule mama akiwa zamu ya jioni. Columbus State inataka basi la CMAX la Cleveland Avenue, ambalo kituo chake kiko karibu na nyumba yao.

Chuo cha WhatsApp kilijiondoa chenyewe tulipoomba karatasi ya gharama. Ada ilizidi Pell zaidi ya mara mbili, na pengo lingejazwa na mikopo. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi unaishia dola 5,500. Unaobaki ungekuwa mkopo wa binafsi, na mama angetia saini. Nilimwomba binti aulize mambo mawili tu: kina ithibati ya nani, na wahitimu wake wangapi wanafaulu NCLEX mara ya kwanza. La pili halikujibiwa. Halihitaji hata kuulizwa kwa simu, kwa sababu bodi ya uuguzi ya Ohio huchapisha matokeo ya kila programu, na yeyote anaweza kusoma. Nasisitiza hili kwa sababu grupu zetu zimejaa matangazo haya, na anayeyasambaza mara nyingi ni ndugu mwenye nia njema.

Nieleze sasa upande ambao wapenzi wa vyuo vya jamii hawapendi kuueleza. Takriban asilimia 80 ya wanaoanza huko wanasema wanataka shahada. Kama theluthi ndio wanaohamia yunivasiti. Wanaoipata shahada ndani ya miaka sita ni asilimia 16. Njiani krediti, yaani pointi za kila kozi zinazohesabiwa kuelekea kuhitimu, nazo zinapotea: ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikadiria katika ripoti ya 2017 kwamba wanaohama chuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Kozi uliyoisomea usiku, ukaifaulu, unafika chuo kipya unaambiwa hii kwetu haihesabiwi. Ukiisikia habari hiyo mwaka wa tatu, unarudi ghalani.

Kwa hiyo namba zile zingetosha kumzuia? Kwangu, hapana, kwa sababu wengi waliopotea humo walichagua kozi kama mtu anavyochagua kitenge sokoni. Ohio ina kinga: kifurushi cha kozi za msingi kiitwacho Ohio Transfer 36, krediti 36 ambazo kila chuo cha umma cha jimbo lazima kizipokee. Tulichapisha orodha hiyo, tukaweka pembeni mahitaji ya uuguzi ya Columbus State na yale ya Ohio State, na binti akapigia mstari kozi zinazotokea kote: uandishi, takwimu, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Akaenda nayo kwa mshauri wa masomo. Mshauri ana wanafunzi mamia. Ukifika mikono mitupu anakupa kozi zenye nafasi.

Jambo la pili lilimshtua binti mwenyewe. Kukubaliwa Columbus State siyo kukubaliwa uuguzi. Chuo kiko wazi, programu ya uuguzi haiko wazi. Unamaliza kwanza kozi za awali, kisha unaomba, na unashindana kwa alama, kwa sababu nafasi za mazoezi hospitalini na walimu wa uuguzi ni wachache. Ndiyo maana lile tangazo la "bila kusubiri" lina wateja. Kwa kweli Newark nayo ingemfikisha kwenye mlango wa aina hiyohiyo: angeweza kuhamia kampasi kuu akipata krediti 30 na wastani wa alama wa 2.0, yaani C, lakini kuingia shule ya uuguzi pale ni mashindano mengine tena.

Kiingereza kilipita vizuri kuliko nilivyohofia. Binti anaongea kama mzaliwa wa hapa, ila insha yake ilikuwa dhaifu, na mtihani wa upangaji, ule wa kupima mwanafunzi aanzie kozi ipi, ungeweza kumrudisha kwenye mihula ya lugha inayokula ruzuku bila kumpa krediti za kuhitimu. Wengi hufanya mtihani huo siku ya kujiandikisha, kwenye korido, wakidhani ni utaratibu tu. Yeye aliusomea. Aliwekwa kozi ya kawaida ya uandishi pamoja na saa za ziada za msaada.

Alianza vuli ya 2023 na krediti 12. Kumi na tano ndizo zinazomaliza mapema, lakini 12 zinatosha kupata Pell kamili, na nilijua zamu za mama yake.

Pesa za kwanza zilileta mtihani ambao haukuwa kwenye fomu yoyote. Ada ilipokatwa, zilibaki zaidi ya dola elfu moja, zikaingia akaunti ya binti. Habari ilifika Nyarugusu kabla hajanunua kitabu. Shangazi alikuwa mgonjwa, na nani angesema hapana? Walituma sehemu. Sina la kuwakosoa, ila nilimweleza mama kanuni moja waziwazi: ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada inakuwa deni. Pesa iliyotumwa Western Union hairudi kulipa deni hilo. Tangu hapo vitabu na nauli vinatoka kwanza, ndipo mengine.

Kiangazi cha 2024 alifanya mafunzo ya STNA, msaidizi wa muuguzi aliyethibitishwa na jimbo, saa 75 na mtihani. Wazo lilikuwa zuri: anajifunza kugeuza mgonjwa, kupima presha, kusikia harufu ya kazi yenyewe kabla hajaisomea. Nyumba ya wazee ikampa wikiendi. Wikiendi ikazaa ovataimu, kwa sababu nyumba hizo hazijai wafanyakazi kamwe, na simu ya msimamizi saa kumi na moja alfajiri ina ushawishi kuliko mwalimu yeyote. Vuli hiyo alipata D ya anatomia.

D hiyo ingeweza kummaliza. Msaada wa serikali unataka wastani wa 2.0, na ufaulu theluthi mbili ya krediti zote unazojaribu. Unataka pia umalize kabla ya krediti ulizojaribu kuzidi mara moja na nusu ya urefu wa programu: kwa programu ya krediti 60, mwisho ni 90. Kozi zake nyingine zilikuwa nzuri, zikamshikilia. Alirudia anatomia masika ya 2025, akapata B, na safari hii mama ndiye aliyempigia msimamizi kumwambia binti haji katikati ya wiki. Mama yuleyule.

Sasa ameomba programu ya uuguzi na anasubiri. Mihula sita ya Columbus Promise inaisha masika haya ya 2026, uuguzi wenyewe haujaanza. Pell ina kikomo cha mihula 12 maishani, ametumia sita. Akiingia vuli, stashahada itachukua sehemu kubwa ya sita zilizobaki, na itakayosalia ni akiba ndogo ya kuanzia shahada. Inatosha, kama hakuna D nyingine. Hesabu hii ya mihula ningependa kila familia iifanye mwezi wa kwanza, kwenye karatasi, badala ya kuigundua mwaka wa nne.

Je, walichagua sawa? Kwa barua zilizokuwapo, ndiyo. Lakini kama Ohio State ingempa kampasi ya Columbus yenyewe, ningemwambia aende huko bila kusitasita, akilala nyumbani. Ada ingekuwa sifuri ileile, basi lipo, na anayeanza yunivasiti ana nafasi kubwa zaidi ya kumaliza shahada kuliko anayepanga kuhamia baadaye. Familia ikiwa na gari la pili na bibi wa kuangalia watoto, hata Newark ingekuwa na hoja. Kwa huyu, chuo cha jamii kilishinda kwa sababu ya basi, wadogo wanne na mama wa zamu ya jioni. Naona watu wakinakili uamuzi wake kwa sababu ameonekana anaendelea vizuri, wakati hali zao hazifanani naye hata kidogo.

Mdogo wake wa kiume yuko darasa la kumi. Ohio ina mpango wa College Credit Plus, ulioanza 2015, unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo cha umma bila ada. Alama zake lakini ni za kudumu, akifeli sasa zitamfuata chuoni na kwenye msaada wake. Dada mtu alitaka aanze na kozi tatu. Mama akasema moja, ya uandishi, na akatia saini.